Bahasha ya Mapendo

Kitu cha kwanza kilikuwa kola ya shati. Jumapili moja, mvua za Septemba zimeanza na kucha zetu bado zina udongo wa shambani, mume wangu alishindwa kufunga kifungo cha juu cha shati lake la kwaya. Alivuta, akakunja uso, akaniita nimsaidie. Mimi pia nilishindwa. Shingo ilikuwa imenenepa. Lakini suruali aliyoivaa siku hiyohiyo aliifunga kwa kamba, kwa sababu mkanda ulikuwa umeishiwa matundu. Nilisimama nyuma yake nikijiuliza mtu anawezaje kunenepa juu na kukonda chini kwa wakati mmoja.

Ninaandika haya kwa kuwa akina mama wa kanisa wameniomba, hasa wale wawili ambao sasa hivi wanangoja karatasi kutoka Mbarara. Mimi ni katibu wao. Nimezoea kuandika nani amefika, nani amekosa, nani amesema nini, na wakati wa ugonjwa niliandika vilevile katika daftari. Haya nimeyatoa humo. Mambo ya kitaalamu sitayaeleza, siyajui. Nitaeleza jinsi tulivyongoja, pamoja na kosa moja ambalo ni langu, ili lisije likawa la mtu mwingine.

Kwanza muelewe jambo hili. Hapa Nakivale, katika kambi yetu ya wakimbizi, watu wote humwita mume wangu Baba Mapendo, kwa jina la binti yetu wa kwanza, nami huniita Mama Mapendo. Jina lake mwenyewe nilikuwa silitamki. Mama mkwe wangu, kule milimani juu ya Uvira, alinifunza wiki ya kwanza ya ndoa kwamba mke hataji jina la mume. Asilitaje kwa hasira wala kwa utani, wala mume akiwa amelala. Mama mkwe alikufa kabla hatujavuka mpaka, lakini somo lake nilivuka nalo. Ofisini wakiuliza jina la mkuu wa nyumba, nilikuwa natoa kadi ya chakula, wanasoma wenyewe. Miaka yote ya kambini kadi ilinisemea.

Tulianza na kituo cha afya cha hapa. Dawa za malaria, wiki moja. Dawa za taifodi, wiki mbili. Wakamtoa damu kupima virusi, wakanitoa na mimi. Tulikaa kwenye benchi tumeshikana vidole kama watoto, na jibu likawa kwamba hatuna. Wakamwambia akohoe kwenye kikopo asubuhi tatu. Makohozi safi, wakasema, TB hana. Wakati huo homa ilikuwa inakuja kila jioni kama mgeni anayejua njia, na asubuhi shuka ni la kukamua.

“Baba, vipimo vyote ni safi,” muuguzi alisema.

“Kama byote biko safi,” mume wangu akamjibu, “basi ile muchafu ni miye.”

Muuguzi alicheka. Mimi nilicheka pia, halafu tulipofika nje sikujua nilichokichekea.

Mwili wake ulikuwa unabadilika bila mpango. Chini ya taya vilitokea vivimbe vitatu visivyouma, viwili vya kiasi cha punje ya haragwe na kimoja kama yai la kuku. Alikuwa anaimba besi, lakini kufikia Novemba sauti ilipanda ikawa nyembamba, ya mtu mwingine anayeongea ndani yake. Pete ya ndoa ilianza kudondoka, nikaizungushia uzi kwa ndani ili ishike. Mwezi uliofuata nikaongeza uzi. Katika daftari sikuandika kilo kwa sababu hatukuwa na mizani. Niliandika uzi.

Kwa watu wa kwetu, mtu akikonda bila sababu, neno la kwanza ni karuho, ile sumu ya polepole ambayo wanasema mtu hutiliwa kwenye kinywaji na ikamla kwa miezi. Aliyelileta nyumbani kwetu ni shemeji yangu, Baba Neema, mdogo wake mume wangu, anayefanya biashara ya vitenge na chumvi mpakani Kikagate.

“Mama Mapendo, hii haiko malaria,” alisema akiwa bado hajaketi. “Batu bamemupa kitu.”

“Nani ampe? Tuna nini cha kuonewa wivu, shemeji? Yule mbuzi wa jicho moja?”

“Wivu haiangalii mbuzi. Ngambo ya mto kuko muzee mwenye anatapisha batu. Siku tatu tu, sumu yote inatoka. Miye nitamupeleka.”

Nilimjua mtu wa kijiji cha jirani aliyepelekwa kutapishwa akiwa amekonda vile. Alirudi amefungwa kwenye mkeka. Nikamkumbusha. Baba Neema akasema yule alichelewa kupelekwa. Tukabishana mpaka mume wangu akagonga kikombe chini, akasema yeye bado hajafa, tuulizane na yeye. Tukakubaliana hivi: Mbarara kwanza. Mbarara wakikosa jibu, shemeji atamchukua.

Tulienda baada ya kuvuna maharagwe. Hospitali siitaji, ilikuwa moja ya zile za mjini, na watu wake walituhudumia vizuri. Nilichokijua zaidi ni benchi lake. Lilikuwa la mbao, katikati limeng’aa kwa kukaliwa. Niligundua kwamba watu wa kwenye benchi ni wa aina mbili: wenye bahasha huikalia, wasio na bahasha hutazama mlango. Jirani yangu siku hiyo alikuwa mwanamke wa Ibanda aitwaye Peace, aliyemleta mama yake mzee mwenye kidonda kwenye titi. Aliniuliza jina, nikamwambia Mama Mapendo, na tangu hapo akaniita hivyo.

Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya uvuguvugu. Alipapasa shingo, makwapa, tumbo, akaongea Kiingereza kirefu. Muuguzi akatufupishia: “Daktari anasema inaweza kuwa kansa. Inaweza kuwa si kansa. Lazima kukata kidogo, kupeleka kupima.”

Tulirudi kwenye benchi. Mkongomani mmoja aliyetusikia akasema pole, kansere ni mbaya. Mwanamke mwingine akanong’ona kwa Peace kwamba ni kookolo. Redio ya mlinzi, kwa bahati tu, ilikuwa inazungumzia saratani. Nikatoa daftari nikaandika: “Moja, kansa, au kansere. Mbili, kookolo. Tatu, saratani.” Peace akachungulia, akaweka mkono mdomoni, akaniita kwa neno la huku la kumheshimu mama:

“Nyabo, hiyo yote ni kitu moja!”

“Yote?”

“Yote. Ni kookolo tu, ile hatari.”

Nilifuta mistari miwili. Nilijisikia nafuu kama mume wangu amepona magonjwa mawili papo hapo. Nafuu hiyo ilinichukua mpaka mlango wa nje.

Walimkata Januari, wakati wa jua lile linalogeuza vumbi la kambi kuwa unga. Tulilala wodini siku mbili. Siku ya pili alitoka na bandeji shingoni, akaniambia hakusikia maumivu, alisikia tu mkasi. Muuguzi wa wodi alikuwa amechukua kadi yetu ili aandike kitabu chake. Akanipa kichupa cha plastiki chenye maji ya harufu kali, na ndani yake kipande kidogo cheupe, kama nusu ya haragwe lililochemshwa. Karatasi yenye maandishi ya daktari ilikuwa imezungushwa kwenye kichupa kwa plasta.

“Peleka maabara sasa hivi. Ile nyumba ya nyuma.”

Nikakitia kwenye kaveera, ule mfuko wa plastiki tuliokuja na mkate ndani yake, nikakikumbatia. Sikujua nikishike vipi. Kilikuwa mume wangu, sehemu yake, na kilikuwa chepesi kuliko sabuni. Nilipotea. Niliingia wodi ya wazazi, nikatoka, nikazunguka jikoni. Nilipofika kwenye dirisha la maabara yale maji yalikuwa yamevuja na wino wa karatasi umekuwa doa la buluu.

Karani, msichana mwenye miwani, aliigeuza mara mbili.

“Nyabo, hii imelowa. Jina haisomeki. Mgonjwa anaitwa nani?”

Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta kadi. Kadi ilikuwa wodini. Nyuma yangu watu wanne walikuwa wamesimama na vichupa vyao.

“Ni ya Baba Mapendo,” nikasema.

“Mapendo?”

“Ndiyo, Baba Mapendo. Wa Nakivale.”

Akaandika. Nilimwona akiandika. Mimi ambaye kwenye mikutano huandika hata aliyepiga chafya, sikuinua shingo nisome.

“Wiki mbili,” akasema.

Baada ya hapo maisha yetu yalihesabiwa kwa safari. Nilikuwa natoka alfajiri kwenye pikapu mpaka Rwekubo, kisha gari dogo mpaka Mbarara, nalala Ruharo kwa shemasi mmoja wa kanisa letu aliyenipa godoro bila kuuliza maswali, narudi kesho yake. Mapendo, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alibaki na baba yake na wadogo zake. Dirishani sikusema kitu. Nilipitisha kadi kama nilivyozoea. Karani alisoma, akapitisha kidole kwenye daftari lake, akafungua droo, akapekua bahasha moja moja. Alipekua kwa uangalifu, sina la kumlaumu.

“Hiyo bado, nyabo. Rudi wiki ijayo.”

Safari ya pili, bado. Safari ya tatu, bado. Nilianza kulisikia neno hilo hata pale ambapo halikusemwa. Peace naye alikuwa anakuja. Bahasha ya mama yake ilitoka safari yangu ya pili na ilikuwa kookolo kweli. Sasa alikuwa anafuatilia vipimo vingine. Alinisimulia akiwa anamenya ndizi, akanipa nusu, tukala.

Niliporudi kutoka safari ya tatu nilimkuta mume wangu amekaa mlangoni, blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali.

“Mama Mapendo, kaa hapa. Niambie kweli.”

“Kweli gani?”

“Karatasi ulishaipata. Imeandikwa kitu kibaya, na weye uko unaificha.”

“Wamesema bado.”

“Bado, bado! Mara tatu bado. Ni nyama gani inachemka muda wote ule?” Akamwita binti yetu. “Mapendo, kuja. Fungua mukoba ya mama yako.”

Mapendo alinitazama, akamtazama baba yake. Nikamwambia afungue. Akatoa kitenge, kipande cha sabuni, kadi, daftari.

“Soma daftari,” baba yake akasema.

Mapendo akasoma kwa sauti ya darasani: “Safari ya tatu. Wamesema bado. Mvua hakuna. Karani ana mafua.”

Mume wangu alijifunika uso kwa blanketi. Mapendo alirudisha vitu mkobani kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule niliouweka mimi, na siku ile nilijua kwamba ametutunza sote wawili.

Wiki iliyofuata aliacha kula isipokuwa uji. Aliniagiza nisimzike na shati la kwaya, apewe kijana anayeimba besi sasa, kwa kuwa kola bado ni nzima. Alisema hivyo kama mtu anayepanga mbegu za msimu ujao. Nilimuuliza anaumwa wapi. Akasema haumwi popote, anaondoka tu. Sikujua kama nimkemee au nimwache. Nilimkemea, nikaenda nyuma ya nyumba nikajuta.

Safari ya nne nilipoambulia patupu, Baba Neema alikuja kutoka Kikagate. Hakubishana tena. Alimtazama kaka yake, akamtazama mkono ule wenye pete iliyojaa uzi, machozi yakamtoka waziwazi.

“Shemeji, muko munangojea nini? Hospitali imeshindwa. Mutu anaisha. Siku ya tano nakuja na pikipiki, namubeba.”

Siku ya tano ni Ijumaa. Mume wangu hakukataa. Alisema tu, “Hata kutapika ni kazi. Angalau nitakuwa na kazi.” Nilijua hatavuka ule mto akarudi.

Jumatano niliondoka. Alhamisi asubuhi nilikuwa wa saba kwenye foleni ya dirisha. Msichana wa miwani hakuwepo. Mahali pake alikuwa mzee mmoja mwenye koti jeupe, amesimama mbali ndani kwenye rafu, mikono imejaa maboksi anayoyapanga. Nikapitisha kadi chini ya wavu.

“Nyabo, kadi siioni kutoka huku. Sema jina.”

“Limeandikwa hapo.”

“Mikono yangu imejaa. Sema tu!”

Nilisukuma kadi mbele zaidi. Nyuma mtu akaguna. Mwingine akasema kwa sauti, “Amesahau jina ya mzee wake!” na foleni nzima ikacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha watu waliosimama muda mrefu. Nilimwona mama mkwe wangu kabisa, na kitambaa chake cha kichwa. Nikafungua mdomo.

“Kashindi.”

“Eh?”

“Kashindi Elia!”

Lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka. Hakuna kilichoanguka. Mzee akaweka maboksi chini, akaja kwenye droo, akapekua akinung’unika, Kashindi, Kashindi, Kashindi, kana kwamba ni jina la mtu yeyote.

“Hakuna. Hiyo bado, nyabo.”

Nilikuwa nimelitoa jina la mume wangu mbele ya watu wasionijua, na halikuleta kitu. Nilichukua kadi nikageuka. Ijumaa ilikuwa kesho. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa Peace. Aliponiona akasimama.

“Mama Mapendo! Wamekupa?”

“Bado.”

Kule ndani mzee akauliza, “Nani Mapendo?”

“Ni huyu,” Peace akasema.

“Mapendo wa Nakivale? Mbona hamkuja? Iko bahasha hapa, imekaa wiki na wiki, haina mwenyewe. Sisi tulisema labda mgonjwa amekufa.”

“Mapendo ni binti yangu,” nikasema. “Yeye haumwi.”

“Basi binti yako alikatwa shingo hapa Januari?”

Nilimtazama. Nikatazama bahasha aliyoinua, ya kahawia, neno moja limeandikwa juu yake kwa mwandiko mzuri wa msichana wa miwani: MAPENDO. Ndipo nikajisikia mwenyewe, siku ile ya kichupa, nikisema Baba Mapendo kwa mtu ambaye kwake baba ni neno la heshima tu la kumwekea mwanaume yeyote mbele ya jina lake. Jibu lilikuwa tayari tangu safari ya kwanza. Kila wiki nilipitisha kadi yenye jina ambalo maabara hawakupewa, na kila wiki waliniambia ukweli, kwamba jina hilo halina jibu.

Nilikaa chini, sakafuni, si kwenye benchi.

Mzee hakunipa bahasha hivi hivi, na alifanya vizuri. Aliuliza siku ya kukatwa, upande wa shingo, na nani alileta kichupa. Nilimjibu yote, daftari mkononi. Akachukua kalamu akaandika jina la mume wangu chini ya jina la binti yake.

Nilimngoja daktari mpaka saa tisa. Nilikuwa nimeingia aina ile ya kwanza ya watu, nimekalia bahasha. Daktari alipoisoma, alitabasamu kidogo, akamwambia muuguzi.

“Si kansa,” muuguzi akasema. “Ni TB.”

“TB hana. Walipima makohozi.”

“Haiko kwenye kifua. Imejificha kwenye tezi za shingo. Atameza dawa miezi sita.”

“Na kookolo?”

“Hakuna kookolo.”

“Na saratani?”

Muuguzi alianza kucheka, kisha akaniona uso akaacha. “Hiyo pia hana, nyabo. Zote hana.”

Nilimshukuru Mungu kwa TB, kwa sauti, na watu wa kwenye korido waligeuka. Peace alikuwa mlangoni. Sikujua niutie wapi uso wangu mbele yake. Alinifunga kitenge kilichokuwa kinanidondoka, akasema, “Wewe nenda. Nenda upike.” Mama yake alifariki wakati wa mavuno ya mahindi. Nilipata habari kwa simu.

Ijumaa nilifika nyumbani pikipiki ikiwa tayari imeegeshwa. Mume wangu alikuwa amevishwa koti. Nilimpa shemeji ile karatasi, akaitazama juu chini, ni Kiingereza.

“Ni sumu?”

“Ni TB.”

“TB ni ya kukohoa. Huyu hakohoi.”

“Hata mimi sielewi, shemeji. Wameiona kwenye ile nyama.”

Akakaa juu ya pikipiki yake bila kuiwasha. Alichanganyikiwa kama sisi, na nadhani alikasirika kidogo kwamba hakuna adui. Kisha akauliza swali ambalo nililiogopa njia nzima: mbona ilichukua muda mrefu hivyo? Nikasema, “Hospitali ina batu mingi.” Ulikuwa uongo, nami niliiachia hospitali iubebe.

Dawa zilianza pamoja na mvua za Machi. Mwezi wa kwanza ulinitisha kuliko kungoja. Mkojo wake ukawa wa rangi ya soda ya machungwa. Alitapika. Vivimbe, badala ya kupungua, vikaongezeka, kimoja kikapasuka kikatoa usaha, na Baba Neema akapiga simu kusema, munaona sasa. Kwenye kituo cha afya wakasema aendelee kumeza, wakati mwingine huwa hivyo. Akaendelea. Mwezi wa pili, siku moja ya mvua nzito, alimaliza bugali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, akabaki anatazama sufuria. Mapendo alinyanyuka akapika tena. Tulikaa tukimtazama akila, sote, kama watu wanaotazama mpira.

Kuanzia hapo nilikuwa naondoa uzi. Mzunguko mmoja Mei, miwili Juni. Sauti ilishuka polepole, ikapita mahali pabaya pa katikati ambapo alisikika kama kijana wa miaka kumi na mitatu, na Mapendo akamtania mpaka akamrushia kandambili.

Nilibeba siri yangu miezi yote sita. Siku alipopewa pakiti ya mwisho, tulikaa nje ya kituo tukingoja mvua ipungue, ilikuwa Septemba tena, nikamwambia yote: kichupa, doa la wino, kadi, bahasha.

“Wiki ngapi?” akauliza.

“Nne. Zimepungua siku chache.”

“Karatasi iko mule, na miye niko hapa nagawa mashati.”

“Ndiyo.”

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha besi kilichorudi chote. “Mama yangu! Alikufa zamani, na bado anataka kuniua kwa heshima.” Kisha akaacha kucheka. “Lakini ungeniambia, Mama Mapendo. Miye nilipekua mukoba yako mbele ya mutoto. Nilibeba ile haya miezi yote. Ungeniambia tubebe wawili.”

Tulitembea kwenda nyumbani kwenye matope, yeye mbele, mimi nyuma, na sikujua kama nimesamehewa.

Ninyi akina mama wawili, na yeyote atakayesoma: mkifika dirishani, semeni jina lililo kwenye kadi, lote, na simameni pale mpaka mlione limeandikwa. Heshima ya nyumbani haijulikani maabara.

Jumapili iliyofuata alivaa shati la kwaya. Akaniita nimfunge kifungo cha juu. Kilifunga, na kidole changu kikapita katikati ya kola na shingo, kando ya kovu. Nilipotaka kuondoa mkono akaushika.

“Sema.”

“Niseme nini?”

“Ile uliambia batu ba Mbarara. Batu ba foleni yote baliisikia. Miye sijaisikia.”

Mlango ulikuwa wazi. Mapendo alikuwa nje anafagia, na ufagio ulisimama.

Nikalisema. Akaitika.